Tarehe ya pili ya Bibi wa chumba cha 14

Ofisini kwangu kuna ubao mweupe ambao wageni hudhani ni ratiba ya usafi. Majina ya wakazi yameandikwa kwa herufi za mwanzo tu, na mbele ya kila jina kuna nafasi ya tarehe mbili: ya kwanza ni siku ambayo mkazi alianza kupata matunzo ya kitaalamu yanayolipiwa na Medicare, bima ya afya ya serikali kuu ya Marekani, na ya pili ni siku ambayo matunzo hayo yalikoma. Tarehe ya kwanza haisahauliki hata kidogo, maana ndiyo inayofungua mlango wa malipo, na kila mtu kuanzia msimamizi hadi mhasibu ataiulizia kabla mgonjwa hajashushwa kwenye gari. Ya pili ndiyo inayoachwa wazi. Nimefanya kazi ya kufuatilia mafao ya wakazi katika nyumba ya wazee hapa Minnesota kwa miaka tisa sasa, baada ya miaka minne ya kuwaogesha na kuwageuza kama msaidizi wa wauguzi, na naweza kusema kwamba mizozo mingi mikubwa niliyoiona kati ya familia na ofisi ilizaliwa katika nafasi hiyo iliyoachwa wazi.

Nimeamua kuyaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu sisi tuliotoka Afrika Mashariki tumejaa katika nyumba hizi. Tulianza kama wafanyakazi, na sasa wazazi wetu wenyewe wameanza kuingia kama wakazi, na hapo ndipo mtu aliyefanya kazi humo miaka kumi anapogundua kwamba hajui serikali inalipia nini, kwa siku ngapi, wala kwa masharti gani. Nitaeleza kwa kumfuata mkazi mmoja, Bibi wa chumba cha 14, ambaye nimebadilisha baadhi ya mambo yake ili asitambulike, lakini hesabu ya siku zake nimeiacha kama ilivyokuwa.

Bibi aliteleza kwenye barafu mlangoni pake mwezi Januari 2025, akavunjika nyonga, na akalala sakafuni kwa saa nyingi kabla jirani hajamwona. Alilazwa hospitali usiku sita, kisha akaletwa kwetu tarehe 21 Januari akiwa na nyonga iliyotengenezwa na kidonda cha kulalia mgongoni kilichokuwa kimechimba karibu na mfupa. Tarehe 30 Aprili siku zake za Medicare zilikwisha, akabaki katika chumba kilekile akijilipia kwa akiba aliyoipata kwa kuuza nyumba yake. Tarehe 9 Julai alishikwa na nimonia akarudishwa hospitali, na tarehe 14 Julai akaletwa tena kwetu. Asubuhi iliyofuata mwanawe wa kiume alikuja ofisini, akakaa bila kuvua koti la mvua, akaniuliza swali moja tu: mama yake ana siku nyingine mia moja, au hana hata moja?

Ili swali hilo lieleweke, lazima kwanza niondoe dhana ambayo nimeikuta kwa Wamarekani wenyewe sawasawa na kwa Waswahili. Medicare, bima ya serikali kuu kwa watu wa miaka 65 na kuendelea na kwa baadhi ya wenye ulemavu, hailipii mtu kuishi katika nyumba ya wazee. Rais Lyndon Johnson aliposaini sheria yake Julai 1965, mafao ya hospitali yalianza mwaka uliofuata, na mafao ya nyumba za wauguzi yakaanza Januari 1967 kwa lengo moja mahususi, nalo ni kumtoa mgonjwa anayepata nafuu katika kitanda cha hospitali kilicho ghali na kumpeleka mahali pa bei nafuu zaidi amalizie matibabu. Kwa hiyo macho ya Medicare hayaioni nyumba ya wazee kama makao. Yanaiona kama mkia wa hospitali. Anayelipia makao ya muda mrefu ni mkazi mwenyewe, na fedha zake zikiisha, Medicaid, ambayo huendeshwa na kila jimbo kwa watu wasio na uwezo. Majina ya bima hizi mbili yanafanana kiasi kwamba nimewahi kuona familia ikisubiri miezi miwili jibu kutoka ofisi ambayo haikuwa hata na faili lao.

Mafao yenyewe ni siku zisizozidi 100 katika kila kipindi cha mafao, ambacho nitakieleza mbele. Siku 20 za kwanza mgonjwa halipi chochote. Kuanzia siku ya 21 hadi ya 100 anachangia kiasi kinachopangwa upya kila mwaka, ambacho ni sehemu moja ya nane ya kiasi anachotakiwa kulipa mgonjwa anapolazwa hospitali: mwaka 2024 kilikuwa dola 204 kwa siku, na mwaka 2025 kikawa dola 209.50. Bibi hana bima ya ziada, kwa hiyo siku zake 80 za kuchangia, zilizokwisha tarehe 30 Aprili, zilimgharimu dola 16,760. Siku ya 101 Medicare hainunui hata glovu.

Lakini siku hizo mia moja hazitolewi kama peremende. Lazima mgonjwa awe amelazwa hospitali siku tatu mfululizo, ikihesabiwa siku ya kulazwa na isihesabiwe ile ya kuruhusiwa. Kwa kawaida awe ameingia kwetu ndani ya siku 30 tangu atoke hospitali. Na awe anahitaji kila siku huduma ambayo kwa hali yake haiwezi kutolewa salama isipokuwa na muuguzi au mtaalamu wa tiba ya viungo, au chini ya usimamizi wao. Katika masharti hayo, lile la siku tatu ndilo linaloliza watu wengi, kwa sababu neno "kulazwa" lina maana moja kwetu na maana nyingine katika karatasi za hospitali.

Mwaka jana alinipigia simu kaka mmoja Mkenya, tunayefahamiana kwa kusali pamoja. Mama yake aliletwa na watoto wake kwa kadi ya kijani, na kwa kuwa hakuwahi kufanya kazi Marekani hana zile robo mwaka 40 za makato, yaani kama miaka 10 ya kazi, zinazompa mtu bila malipo Sehemu A ya Medicare, ile inayolipia hospitali na matunzo haya ya kwetu. Makato ya watoto hayamsaidii mzazi. Alipotimiza miaka 5 ya kuishi hapa mfululizo, akiwa ameshapita miaka 65, watoto walikubaliana kuchanga na kumnunulia Sehemu A kwa ada kamili, ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 518 kwa mwezi. Sasa mama alikuwa ameanguka, mguu umevimba, hawezi kusimama.

"Dada, mama amelazwa tangu Jumapili usiku na leo ni Jumatano," aliniambia. "Wanasema kesho wanamruhusu. Nataka aje kwenu apate mazoezi."

Nikamwuliza, "Kaka, wamekuambia amelazwa, au yuko chini ya uangalizi?"

"Si ni kitu kimoja? Amepewa chumba, ana kibandiko mkononi, anakula chakula cha hospitali, madaktari wanapita."

Nilimwomba atafute karatasi katika bahasha ya kuingilia. Hospitali inayomweka mgonjwa wa Medicare chini ya uangalizi kwa zaidi ya saa 24 inawajibika kumpa taarifa ya maandishi kwamba hajalazwa, na sheria iliyoleta taarifa hiyo ni ya mwaka 2015. Aliipata ikiwa imekunjwa ndani ya kipeperushi cha maegesho, na sahihi ya mama ilikuwa pale chini, imetiwa saa nne usiku na mtu ambaye Kiingereza chake ni cha salamu. Usiku wa Jumapili na wa Jumatatu alikuwa chini ya uangalizi; amri ya kumlaza iliandikwa Jumanne. Akiruhusiwa Alhamisi atakuwa na Jumanne na Jumatano, siku mbili, ilhali alilala kitanda kilekile usiku nne. Daktari hana ruhusa ya kumwongezea usiku wa tatu kwa ajili ya kutimiza hesabu ikiwa hali yake haihitaji, na kwa haki daktari yule alisema hivyo waziwazi. Mama alirudi nyumbani, tukamsaidia kupata huduma ya wauguzi na mazoezi ya nyumbani, ambayo Medicare huilipia kwa mtu asiyeweza kutoka nje kirahisi bila kudai siku tatu za hospitali. Alipona. Hata hivyo sijaacha kuufikiria ule mchango wa kila mwezi uliogota kwenye siku moja.

Naongeza jambo dogo hapa. Sisi katika Kiswahili tuna msemo mzuri, "usiku wa kuamkia Jumatano," unaoufunga usiku na siku inayofuata, na wazee wetu wa pwani siku yao huanza jua linapozama. Mfumo huu wa Marekani unafuata saa sita usiku bila huruma. Mtu akiniuliza sasa mzazi wake "ana siku ngapi hospitali," namwambia aache kuhesabu siku, ahesabu ni mara ngapi saa sita usiku imemkuta mzazi akiwa na amri ya daktari ya kumlaza. Kosa linapungua.

Saa hiyohiyo ya sita usiku ndiyo inayotawala kwetu pia. Muuguzi wa zamu ya usiku hupita mlango kwa mlango akiwa na orodha ya wakazi na tochi ndogo, na mkazi aliye kitandani saa hiyo siku yake imehesabiwa, asiyekuwapo, haikuhesabiwa. Ndiyo maana mzee anayekwenda kula chakula cha sikukuu kwa binti yake na kurudi saa tatu usiku hapotezi chochote, na akilala huko, usiku ule Medicare haitozwi, wala hautolewi katika zile mia moja. Familia nyingi humnyima mzee hata harusi ya mjukuu kwa kuogopa kwamba akitoka nje ya geti mafao yake yatafutwa. Matembezi mafupi hayafuti kitu, ilimradi yasiwe ya kila siku kiasi cha kuonyesha kwamba mtu huyu hahitaji kuwa kwetu.

Turudi kwa Bibi. Kipindi cha mafao huanza siku mtu anapolazwa, na huisha pale tu atakapokuwa amepitisha siku 60 mfululizo bila kulazwa hospitali na bila kupata matunzo ya kitaalamu katika nyumba ya wauguzi. Zikitimia, kipindi cha zamani kinafungwa, na baadaye akilazwa tena kwa siku tatu anaanza upya na siku mia moja kamili, hata kama ni mara ya tano maishani. Zisipotimia, anaendelea na zilizobaki za zamani, na kwa Bibi zilizobaki ni sifuri.

Watu wengi, wakiwamo wafanyakazi wenzangu, hukosea hapa kwa njia mbili zinazopingana. Wapo wanaodhani kwamba mtu anayeishi katika nyumba ya wazee hawezi kamwe kutimiza zile siku 60 kwa kuwa hajatoka kwenye jengo, na wapo wanaodhani kwamba siku 60 zinaanza kuhesabiwa siku Medicare inapoacha kulipa. Wote wamepotea. Kinachotazamwa hakihusu kitanda wala mlipaji; kinatazamwa kile alichofanyiwa mtu siku hiyo. Mkazi anayeogeshwa, anayevishwa, anayepewa vidonge na kusukumwa kwenye kiti hadi chumba cha chakula anapata matunzo ya kawaida, na siku zake zinahesabika kama za mtu aliye nyumbani kwake. Mkazi anayechomwa dawa za mshipa kila siku, anayefanyishwa mazoezi na mtaalamu siku tano kwa wiki, au anayefungwa kidonda kikubwa kila siku na muuguzi, huyo anapata matunzo ya kitaalamu hata kama mia moja zake zilikwisha zamani na anajilipia senti ya mwisho.

Mfano mkali kuliko yote ni wa wanaolishwa kwa mpira. Sheria inasema chakula cha mpira ni matunzo ya kitaalamu kikiwa kinampa mgonjwa angalau asilimia 26 ya nishati anayohitaji kwa siku pamoja na angalau mililita 501 za maji. Kwa hiyo mzee anayelishwa kwa mpira anaweza kukaa miaka mitatu, Medicaid ikimlipia, bila kufunga kipindi chake cha mafao hata mara moja, na akivunjika mkono mwaka wa nne hana siku hata moja ya Medicare. Halafu siku moja anaanza kula uji kwa kijiko. Msaidizi wa wauguzi, mara nyingi dada yetu kutoka Kisii au Moshi, anaandika kwamba amekula robo tatu ya sahani, mtaalamu wa lishe anapunguza chakula cha mpira, na mara hesabu inashuka chini ya 26. Siku hiyo, bila kengele yoyote, siku 60 zimeanza kuhesabiwa. Ndiyo maana nawasumbua wasaidizi kuhusu kile kisanduku cha asilimia za mlo, na ndiyo maana nakasirika nikikuta kimejazwa "100" kwa wiki nzima na mtu aliyekuwa anawahi basi.

Nilipofungua mfumo wa Medicare wa kuthibitisha ustahiki siku ile ya Julai, ulinionyesha kwamba Bibi ana siku 0. Mwanawe aliona namba hiyo kwenye kioo cha kompyuta, akanyamaza. Nikamweleza kwamba kompyuta ile haijui chochote ambacho sisi hatukuiambia. Dai letu la mwisho lilikuwa limeonyesha kwamba Bibi amemaliza siku zake na bado yuko katika matunzo ya kitaalamu. Baada ya hapo tulipaswa kuendelea kupeleka madai kila mwezi, hata yasiyo na malipo, na dai mojawapo lilipaswa kubeba tarehe ambayo matunzo hayo yalikoma. Mtu aliyekaimu nafasi yangu nilipokuwa likizo ya uzazi aliona kwamba dai lisilo na malipo ni karatasi tupu, akaacha. Kwenye ubao, mbele ya herufi za Bibi, nafasi ya pili ilikuwa nyeupe pe.

"Basi andika tarehe 30 Aprili," alisema yule kijana. Nilimwelewa. Tarehe 30 Aprili ilikuwa na mantiki machoni pake, kwa sababu ndiyo siku Medicare ilipoacha kulipa, na kutoka hapo hadi Julai ni zaidi ya siku 60. Lakini nilikuwa nimeshaona kwenye karatasi ya tiba kwamba kidonda kiliendelea kutiwa sahihi kila siku hadi tarehe 11 Mei. Kuanzia 12 Mei hadi 8 Julai ni siku 58. Upungufu wa siku mbili. Kupeleka serikalini tarehe ninayojua kwamba si ya kweli ni kosa lenye sheria yake tangu mwaka 1863, na hata kama isingekuwapo sheria, mimi ndiye ninayetia jina langu chini ya dai. Nilimwomba anipe siku mbili nisome faili lote.

Mazoezi ya viungo yalikuwa yamekoma katikati ya Aprili, kwa hiyo kilichobaki ni kidonda. Nilisoma maelezo ya muuguzi wa vidonda moja baada ya jingine, kuanzia Machi, nikilifuata shimo lile likipungua kwa sentimita na nusu sentimita. Tarehe 27 Aprili lilikuwa dogo kama kwato ya mbuzi. Tarehe 4 Mei aliandika kwamba ngozi imefunga yote, hakuna majimaji, ufungaji usitishwe na ipakwe krimu ya kinga. Baada ya hapo hapakuwa na maelezo mengine, ila ile karatasi ya tiba iliendelea kutiwa sahihi hadi tarehe 11. Nilimfuata muuguzi mwenyewe, mama wa Kikisii mwenye miaka mingi kazini kuliko mimi, nikamkuta akipanga bandeji kwenye toroli.

"Mama, hizi sahihi za tarehe 5 hadi 11 ni za nini?"

Aliitazama karatasi akiwa ameinua miwani. "Ile ilikuwa krimu tu. Hata wasaidizi wanapaka wakishamuogesha."

"Mbona umetia sahihi kwenye mstari wa kufunga kidonda?"

"Mstari ulikuwapo, haukufutwa. Ukiuacha wazi asubuhi unaitwa kuulizwa kwa nini tiba haikufanyika. Tukatia sahihi mpaka daktari alipoufuta."

Kupaka krimu ya kukinga ngozi kumetajwa katika kanuni za Medicare miongoni mwa matunzo ya kawaida, pamoja na kuogesha. Kwa hiyo siku ya mwisho ya matunzo ya kitaalamu ya Bibi ilikuwa tarehe 4 Mei. Kuanzia 5 Mei hadi mwisho wa mwezi ni siku 27, Juni ni 30, na Julai kabla ya kulazwa ni 8: jumla 65. Kipindi cha kwanza kilikuwa kimefungwa. Alilazwa tarehe 9 Julai kwa amri ya kumlaza iliyoandikwa siku hiyohiyo, akaruhusiwa tarehe 14, na nyonga iliyolegea kwa kulala ilihitaji mtaalamu wa mazoezi siku tano kwa wiki. Muuguzi aliandika maelezo ya nyongeza yenye tarehe ya siku aliyoyaandika, bila kugusa ya zamani, akifafanua zile sahihi saba. Nilipeleka dai la Mei likiwa na tarehe 4, la Juni lisilo na malipo, nikasubiri. Wiki ya tatu nilifungua mfumo asubuhi kabla sijanywa chai, nikakuta namba 100.

Naona nitaje mambo mawili ambayo hayakumhusu Bibi lakini yanawahusu wengi. La kwanza ni mipango ya Medicare Advantage, ambayo leo imebeba zaidi ya nusu ya watu wenye Medicare. Kampuni hizi mara nyingi husamehe sharti la siku tatu, na watu hufurahi, lakini badala yake huidhinisha siku chache kwa wakati, kisha hupiga simu kuuliza kama mgonjwa amepanda ngazi ngapi. Siku zinazotumika huko zinatoka katika zile 100 zilezile, na sisi tunatakiwa kuiarifu Medicare kwa dai la taarifa ingawa hailipi. Nyumba inayopuuza dai hilo inamwachia mkazi mtego: anahama mpango Desemba, Januari anaingia Medicare ya kawaida, mfumo unamwonyesha siku mia moja, familia inapanga mambo yake juu ya namba hiyo, kisha ukweli unafika baadaye ukiwa umeandamana na ankara.

La pili ni maneno "hapandi tena." Kwa miaka mingi mgonjwa aliyeacha kuonyesha maendeleo katika mazoezi alikatiwa mafao siku hiyohiyo, hadi wagonjwa walipoishtaki serikali katika kesi iliyobeba jina la Glenda Jimmo wa Vermont, na makubaliano yake yakapitishwa na mahakama Januari 2013. Tangu hapo imewekwa wazi kwamba mafao hayategemei kama mtu atapona. Huduma ya kitaalamu inayomzuia asididimie inastahili kulipiwa vilevile, ikiwa kweli inahitaji mtaalamu. Bado nasikia maneno hayo katika mikutano ya asubuhi, tena kutoka kwa watu waliomaliza shule baada ya mwaka 2013.

Siku 20 za Bibi zisizo na malipo ziliisha tarehe 2 Agosti. Aliendelea vizuri, na wataalamu wakaona kwamba kufikia tarehe 26 Agosti atakuwa anatembea na fremu kutoka kitandani hadi chumba cha chakula akisindikizwa na msaidizi tu. Taarifa ya kusitisha mafao lazima itolewe angalau siku mbili kabla, kwa hiyo nilimpa Bibi na mwanawe karatasi Ijumaa tarehe 22, nikawasomea mstari unaosema kwamba wakitaka kupinga wapige simu kabla ya saa sita mchana ya tarehe 25, na kwamba kupinga hakuhitaji wakili wala hakumkasirishi mtu yeyote hapa. Walifikiria mwisho wa wiki, wakaamua wasipinge. Alikuwa ametumia siku 44, akachangia siku 24 kati ya hizo, jumla dola 5,028, badala ya kujilipia zote 44 kwa bei ya nyumba, ambayo ni kubwa kuliko mchango ule.

Jioni ya tarehe 26 Agosti nilichukua kalamu nikajaza nafasi ya pili mbele ya herufi zake, na chini yake, kwa wino mwekundu, nikaandika 25 Oktoba, ambayo ni siku ya 60. Akilazwa kabla ya hapo, ana siku 56 zilizobaki. Akivuka bila kulazwa, ana mia. Mwanawe sasa akija kumwona mama hupitia kwanza ofisini, hasemi kitu, anatazama ubao. Leo tarehe 6 Oktoba ni siku ya 41, na Bibi ana kikohozi kidogo kilichomwanza jana. Muuguzi amemsikiliza kifua mara mbili, anasema ni mafua tu.